Kamati ya Kwenda Zanzibar

Shemeji yangu alipokuja kwangu Makambako Jumapili ile ya kwanza, alikuwa amevaa kaptula. Mwezi wa sita! Asubuhi sakitu ilikuwa imelala juu ya majani kama barafu nyembamba, watu wamejifunga makoti na vitambaa vya shingo, wanaonekana macho tu, na yeye, mzee wa kanisa, mtu mwenye mjukuu, anateremka kwenye gari lake na kaptula ya maua na soksi za sufu alizozipandisha mpaka magotini. Nikamwuliza, "Shemeji, umepatwa na nini?" Akanijibu bila kucheka, "Najizoesha." Eti anajizoesha Zanzibar. Nikakimbilia jikoni nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Ngoja nieleze tulifikaje huko. Watu wa kwetu, kuanzia Njombe mjini mpaka huku Makambako, hatuna mazoea ya kwenda mahali kupumzika. Mtu akisafiri ujue kuna msiba, au harusi, au mgonjwa, au anapeleka viazi. Anayesema anakwenda tu kukaa, tunamwangalia mara mbili. Lakini parachichi zimetuharibu. Tangu zianze kusafirishwa Ulaya, shemeji yangu naye ameanza kuongea kama vile walikwenda pamoja. Akanunua gari. Akaweka malumalu mpaka jikoni, pale kijijini kwake Yakobi, kwenye nyumba ambayo watu wote wanashinda kwenye jiko la nje, penye moto. Akajenga geti ambalo mke wake hawezi kulisukuma peke yake. Halafu akaishiwa cha kununua, akawa anazunguka uani ameweka mikono nyuma.

Ndipo jirani yake mmoja, mwenye shamba kubwa kuliko lake, akaonyesha watu picha za familia yake wakiwa Zanzibar, wamevaa miwani ya jua, wameshika madafu. Dada yangu aliniambia kwamba siku hiyo mume wake alirudi nyumbani na kula hakuweza. Kesho yake akatangaza: familia yake nayo inakwenda.

Mimi nilimwambia aanzie Kitulo. Iko hapo tu Makete, ina maua ambayo Wazungu wanapanda ndege kuja kuyaona, na yeye hajawahi hata kutia mguu. Akanicheka. "Maua? Maua si hata ng'ombe wangu wanayala?" Mtu anayepima uzuri kwa mdomo wa ng'ombe utamwambia nini?

Sasa, kwetu jambo lisilo na kamati si jambo. Kuna kamati ya harusi, kamati ya kipaimara, kamati ya kumsindikiza mtoto anayekwenda chuo. Kwa hiyo pakaundwa kamati ya kwenda Zanzibar. Mwenyekiti akawa shemeji mwenyewe. Katibu akawa mdogo wake, mwalimu mkuu, mtu ambaye hata akikuomba chumvi anaanza na utangulizi. Mweka hazina akawa dada yao, mwenye duka la saruji na mabati hapa Makambako. Huyo mimi namwita wifi kwa sababu dada yangu anamwita hivyo, si kwa mapenzi. Mwanamke yule akiingia nyumbani kwako, kwanza anapitisha kidole juu ya kabati kuangalia vumbi, ndipo anakusalimia.

Vikao vilifanyika kwangu. Sababu waliyoitoa ni kwamba mabasi ya kwenda Dar yanapita Makambako, kwa hiyo ni vizuri kupangia safari mahali ambapo safari itaanzia. Umewahi kusikia maneno ya namna hiyo? Ukweli ni kwamba mimi ni mjane, nauza sweta za mitumba sokoni, sina wa kunisemea, kwa hiyo sebule yangu ilishaonekana ni mali ya ukoo. Kila Jumapili baada ya ibada walikuja, wakala viazi vyangu, wakanywa chai yangu, wakaniambia imezidi majani.

Kikao kizima cha kwanza kiliishia kwenye sare. Walitaka watu wote wavae kitenge cha aina moja, ili tukishuka kwenye boti watu wajue tumetoka pamoja. Nikauliza, watu gani hao wanaokaa bandarini wanasubiri kujua tumetoka na nani? Wifi akanijibu kwamba mimi sijawahi kusafiri na watu wa maana. Wakabishana: maua makubwa au madogo, wanaume washone mashati au kanzu fupi, na wale wanene itakuwaje. Viazi vikaisha, maua hayajapatikana.

Kikao kilichofuata kikawa cha chakula. Wifi alikuwa ameambiwa kwamba mtu akifika Zanzibar asile urojo, hajafika. Akauliza urojo ni nini. Katibu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ya Morogoro, akasimama akaeleza kwa sauti ya darasani kwamba ni mchuzi wa njano wenye kila kitu ndani.

"Unaliwa na ugali?"

"Hapana. Unaliwa hivyo hivyo."

Wifi akaguna. Ikapitishwa kwamba kamati itabeba gunia la viazi na unga wa sembe. Jamani! Mji wa watu, jioni Forodhani imewaka taa, pweza wanachomwa, miwa inakamuliwa, muziki unalia, vijana wanajirusha majini kwa mikogo, na sisi tunaingia na gunia la viazi kichwani. Katibu naye akaomba kubeba dumu la ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, wa kunywea njiani. Shemeji akajifanya hajasikia, maana yeye ni mzee wa kanisa, lakini nilimwona akimeza mate.

Halafu ikaja habari ya bahari yenyewe. Mle ndani hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Tungejifunzia wapi? Mito ya kwetu maji yake yanakata mifupa. Ukimwona mtu yumo mtoni ujue ameteleza. Shemeji akaamua kwamba wataingia mpaka magotini, watapiga picha, watatoka. Wifi akataka kujua kama maji ya chumvi yanaharibu nywele za bandia. Kwa hilo walikaa tangu chai mpaka jua likahama dirishani. Nikawa nawaangalia, nasema moyoni, hawa ndio watu waliojaliwa parachichi.

Utaniuliza, mwanamke mwenye mdomo kama wangu niliwavumilia kwa lipi? Niliwavumilia kwa ajili ya dada yangu.

Dada yangu ndiye mke wa shemeji. Kwenye kamati hakuwemo. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, anamimina chai, anaitikia akiulizwa. Lakini miezi ile alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake muda mrefu, na mimi peke yangu ndiye niliyejua sababu. Zanzibar kuna binti yake.

Ni binti yake wa kwanza. Alimaliza chuo cha hoteli akapata kazi Unguja, akakutana na fundi wa mafriji, kijana mpole wa kule kule, Mwislamu. Wakapendana wakaoana kwa dini ya mwanamume. Kha! Ungedhani ameua mtu. Shemeji aliita ukoo Yakobi akatangaza kwamba huko hana mtoto, na jina lake lisitajwe tena nyumbani kwake, hata kwenye maombi. Na kwa kuwa kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ikabidi na dada yangu abadilishwe. Asubuhi yake mume wake akaanza kumwita kwa jina la mtoto wa pili, na ukoo wote ukafuata. Mwanamke mzima akabadilishwa jina kama duka lililouzwa. Sisi ni Walutheri wa tangu mababu, lakini mchungaji mwenyewe alimwendea shemeji akamsihi, akamwambia mtoto hafukuzwi. Shemeji alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza getini. Hakubadilisha hata neno moja.

Halafu mama yake shemeji akafariki, yule bibi aliyemlea huyo binti tangu alipoachishwa ziwa. Binti akaja kuzika. Alikuja na mume wake na mtoto mchanga mgongoni. Wakashuka hapa Makambako, umebaki mwendo wa saa moja tu kufika Njombe, shemeji akapata habari. Akamtuma huyu huyu mdogo wake mwalimu aje awaambie wasikanyage Yakobi. Wakalala kwangu. Mimi nami sikwenda kuzika, nilikataa. Saa ya mazishi binti alikaa kwenye ngazi ya mlango wangu wa nyuma ameshika tama, mume wake anambembeleza mtoto uani, na kule Yakobi dada yangu anawapakulia watu chakula huku anajua binti yake yuko wapi. Wakarudi kwao hawajaonana. Yule mtoto wa mgongoni sasa anakwenda chekechea, na bibi yake hajamgusa hata kidole.

Tangu hapo dada yangu amekuwa akija Makambako kutafuta sweta. Anakuja, anaingia chumbani kwangu, ninampigia binti, wanaongea mpaka simu inapata moto. Akiondoka nampa sweta moja ya kuonyesha nyumbani. Shemeji hajawahi kujiuliza mwanamke mmoja anavaa sweta ngapi. Huyo ndiye mtu anayejiita kichwa cha nyumba.

Kwa hiyo iliposemwa Zanzibar, dada yangu alipata mpango wake mwenyewe, na hakuupeleka kwenye kamati. "Nikiomba kwenda sokoni Darajani nusu siku tu," aliniambia, "watanikatalia? Wewe utanisindikiza. Nitamshika mtoto, nitarudi." Nusu siku! Mama anaomba nusu siku ya mtoto wake wa kumzaa. Akaanza kumfumia mjukuu sweta, ya sufu nzito, ya rangi ya bluu, yenye kofia.

"Dada, kule mtoto anashinda kifua wazi."

"Na usiku?"

"Na usiku pia."

"Mtoto hawezi kulala hivyo," akasema, akaendelea kufuma. Nikageuka nikajifanya natafuta kitu kabatini, maana machozi yalikuwa yananijia na mimi sipendi kulizwa na sufu.

Basi mambo yangekwenda hivyo, kama si habari ya malazi. Jumapili moja katibu alileta taarifa za hoteli na gesti, akaanza kusoma. Wifi akakunja uso. Na hapo lazima nimtendee haki, si yeye peke yake. Kwetu kulala nyumba ya kulipia kwenye mji ambao una mtu wako ni matusi. Mtu wa Njombe akienda Mbeya atamtafuta binamu wa shemeji wa jirani yake mpaka ampate, na akishampata atalala kwake hata kama ni chini ya meza. Basi wakaanza kutafuta mtu wetu wa Zanzibar. Akatajwa askari mmoja wa Kitandililo, ikaonekana alishahamishwa. Akatajwa mama mmoja aliyekuwa anapeleka mbao. Ikaonekana ni Pemba, na alishaacha. Halafu majina yakaisha. Kila mtu mle ndani alikuwa anajua. Hata viazi kwenye sahani vilikuwa vinajua.

Wifi ndiye aliyelisema, huku anapuliza chai.

"Lakini si tuna mtoto kule?"

Tuna! Sikilizeni hiyo. Miaka yote alikuwa si wa mtu, siku ambayo panatakiwa mahali pa kuweka mbavu ndipo akawa wetu sote. Nikamwangalia shemeji. Nilidhani atapiga meza, atakumbusha tangazo lake, atakuwa angalau mtu wa neno moja, hata kama ni neno baya. Akakuna goti lake lililokuwa limekakamaa kwa baridi, akasema, "Kimsingi, hatujawahi kumkataza kupokea wageni."

Nimeishi miaka mingi, nimedharau watu wengi, lakini sijui kama niliwahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau shemeji yangu dakika ile.

"Namba yake ninayo," nikawaambia, "na siwapi."

Mwe! Sebule ililipuka. Nikaitwa mchonganishi, nikaambiwa natenganisha familia. Mimi! Katibu, yule yule aliyetumwa kuwazuia wasizike, akanihubiria habari ya upatanisho. Nikaondoka nikawaachia sebule yangu. Dada akanifuata jikoni, akafunga mlango.

"Wape," akasema.

"Dada, hawa wanataka vitanda. Yeye hawamtaki."

"Najua. Wape tu. Watafika pale, watamwona. Baba yake akishamwona…" Hakumaliza. Alikuwa amenishika mkono kwa nguvu. Huyu ni dada ambaye katika maisha yetu yote hajawahi kuniomba hata kibiriti, na sasa ananiomba kwa macho yake yote. Nikalegea. Nikarudi nikawaambia namba sitoi, lakini Jumapili ijayo watampigia kwa simu yangu, hapa hapa mezani, mbele yangu, na sauti ifunguliwe watu wote wasikie.

Katikati ya wiki nilimpigia binti kumwandaa. Nikamwambia wanataka kuja wote, na baba yake pia. Akapiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni. "Baba? Baba amesema anakuja kwangu?" Nikamwambia ndiyo, amesema. Akaniuliza kama baba yake bado anaumwa mgongo, kama mama anatia tangawizi kwenye chai, kama shangazi bado hali samaki. Nilitaka kumwambia asivuke mto kabla hajaona kina chake. Alikuwa ameshaanza kumwita mume wake aje asikie.

Jumapili ikafika. Kamati ilikuja mapema kuliko siku zote. Katibu alifungua kwa sala ndefu. Nikaiweka simu katikati ya meza, nikapiga. Haikuita hata vizuri, ikapokelewa.

"Kamwene, baba," binti akamsalimia. Kibena chake kilikuwa kile kile cha Yakobi, hakijachuja hata kidogo.

Shemeji akakohoa. "Kamwene." Ndilo neno la kwanza alilomwambia mtoto wake tangu alipoolewa. Nikajisemea, pengine dada yangu ndiye mwenye akili na mimi ni mdomo tu. Shemeji akaisukuma simu upande wa pili wa meza. "Katibu, endelea."

Katibu akaendelea! Akauliza nyumba ina vyumba vingapi. Viwili, binti akasema, iko Ng'ambo, si mbali na Michenzani, panafikika kwa miguu kutoka mjini. Akauliza maji yanatoka? Yanatoka. Feni ipo? Ipo. Wanaweza kupika viazi vyao wenyewe? Wanaweza, baba mdogo, jiko ni lenu. Nyinyi mtalala vyumbani, sisi tutalala popote, msiwe na wasiwasi. Kila alichoulizwa alikubali kwa sauti ya mtu anayefungua zawadi. Wifi akawa anatikisa kichwa kuwa ameridhika, kama anayekagua saruji ikiteremshwa kwenye gari.

Kwa nyuma tukasikia sauti ya mwanamume. "Nipe nami niwasalimie." Halafu karibu zaidi, kwa adabu, "Shikamoo baba."

Shemeji akaangalia dirisha.

Wote tulisikia. Simu iko pale mezani, na salamu imo ndani yake, na mwenye kuipokea anaangalia dirisha. Hata kwa mlevi wa njiani mtu huitikia shikamoo. Hata kwa mwizi.

"Shikamoo baba," yule kijana akarudia. "Labda haisikiki vizuri."

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa sauti ya dada yangu, kutoka mlango wa jikoni. "Inasikika. Hamjambo huko?"

"Hatujambo mama. Karibuni sana. Mtoto anawasubiri."

Hapo ndipo wifi akainama kwenye simu na kulainisha sauti, ile sauti anayowauzia watu mabati mabovu. "Tunashukuru, baba. Sasa, mwanangu," akamrudia binti, "huyu mwenzako hana ndugu wa kukaa nao siku hizo chache? Maana jioni sisi tuna sala zetu. Hatupendi ajisikie vibaya."

"Shangazi," binti akasema polepole, "hii ni nyumba yake."

"Ndiyo maana tunaomba kistaarabu."

Nikasikia wakinong'onezana. Kisha yule kijana akasema, na mpaka leo namheshimu kuliko wanaume wote wa ukoo ule ukiwaunganisha, "Si neno. Mimi nitalala karakana. Wao wafike tu."

"Umeona!" wifi akatuambia, amefurahi kweli. "Ni kijana mwelewa."

"Baba," binti akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Nina swali moja tu. Mnakuja kwangu, nimefurahi. Na mimi, nije lini nyumbani?"

Shemeji akajiweka sawa kwenye kiti. Akawatazama wenzake, katibu, mweka hazina. Halafu akamjibu mtoto wake wa kwanza hivi: "Hilo ni suala jingine. Tutaliweka kwenye ajenda."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo ya miaka, yamejipanga mpaka kooni. Lakini dada yangu alinipita. Alifuta mikono kwenye kanga yake, akaichukua simu pale mezani, akasimama nayo katikati ya sebule. Kuzima sauti ya nje hajui, kwa hiyo wote tulisikia kila kitu.

"Ni mimi," akasema.

"Mama."

"Unanisikia vizuri?"

"Nakusikia, mama."

"Usitupokee."

Shemeji akasema, "Mke wangu, kaa chini." Dada hakugeuka.

"Nisikilize. Wakija, usiwafungulie. Na mimi nikiwemo, nikagonga, nikakuita, usinifungulie. Siku baba yako atakapokufungulia wewe na mume wako pale Yakobi, mkala kwenye meza yake, basi kesho yake utufungulie na sisi. Kabla ya hapo hapana. Mume wako asilale karakana kwa ajili yetu. Umenielewa?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale kama mti. Mimi ndiye niliyejua anatupa nini. Ile nusu siku yake aliyokuwa amejiibia, ile njia ya kupenyea sokoni amshike mtoto na kurudi, ameitoa mbele ya watu wote, na hakuna safari nyingine itakayopangwa.

"Mama," binti akasema, "magodoro nimeshanunua."

Wifi akaweka kikombe chini.

"Mapya. Jumatano, mama mdogo aliponiambia. Nimeyatandika tayari. La baba nimeliweka karibu na feni, kwa sababu ya joto, na ni gumu kidogo kwa ajili ya mgongo wake."

Nikamtazama shemeji. Alikuwa anaangalia mikono yake. Ungemtazama ungesema ni mtu anayetaka kusema neno. Nilimsubiri, Mungu ananiona, nilimsubiri kwa moyo mmoja. Hakulisema.

Dada yangu alifumba macho, akayafumbua. "Yafunike vizuri, mwanangu," akasema, "yasiingie vumbi."

Akanirudishia simu yangu, akaingia jikoni, nikasikia anaosha vikombe.

Kamati haikukutana tena. Shemeji anawaambia watu safari imeahirishwa kwa sababu kipindi hiki bahari inachafuka, na watu wanamwitikia, maana nani wa Njombe anajua bahari inachafuka lini. Kule Ng'ambo magodoro bado yamefunikwa, na mtoto amekatazwa kuyarukia.